Mashindano ya Gobore: Kwa Nini Mpigaji Haruhusiwi Kuwa na Haraka

Ndugu msomaji, gobore unalifahamu. Kama hujalishika wewe mwenyewe, basi umeliona kwa mlinzi wa shamba au kwa mwindaji, au umesikia mlio wake usiku watu wanapofukuza nguruwe kwenye mahindi. Ni bunduki ya kushindilia kwa mbele. Baruti inamiminwa kupitia mdomo wa mtutu, risasi inafuata, halafu vyote vinasukumwa chini kwa mdeki. Wengi tunalihesabu kuwa silaha ya kizamani, ya mtu asiyekuwa na fedha za kununua bunduki nzuri.

Sasa sikiliza haya. Huko Marekani, nchi ambayo bunduki za kisasa zinauzwa dukani, wapo watu wengi ambao mara moja kila mwezi huziacha nyumbani, wakachukua gobore, wakaenda kushindana kupiga shabaha. Hawaendi vitani wala mawindoni. Wanashindana kirafiki, wanakula pamoja, wanarudi makwao. Baruti wanayotumia ni ile ile nyeusi ya babu zetu. Na hiyo baruti, ndugu yangu, haina urafiki na mtu. Ikipata cheche moja tu inawaka yote kwa mara moja, iwe ndani ya mtutu au ndani ya pembe uliyoishika mkononi.

Basi inakuwaje watu ishirini au thelathini wasimame mstari mmoja, kila mmoja na baruti yake, wapige tangu asubuhi mpaka mchana, na wote warudi nyumbani na vidole kumi? Hilo ndilo ninalotaka tulieleze leo.

BARUTI NYEUSI NI KITU GANI

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, makaa na kiberiti. Nikisema kiberiti sina maana ya njiti za kuwashia jiko, bali lile jiwe la njano linalosagwa kuwa unga. Shura ndiyo nyingi, karibu robo tatu ya mchanganyiko wote. Kazi yake ni kutoa oksijeni, yaani ile hewa ambayo moto unaihitaji ili uwake. Ndiyo maana baruti huwaka hata ikiwa imeshindiliwa ndani ya chuma pasipopita upepo. Wachina ndio walioigundua, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na kwa mamia ya miaka bunduki zote za dunia zilitumia baruti ya namna hii.

Lakini ina ubaya wake. Inatoa moshi mzito mweupe, na inaacha masizi mengi ndani ya mtutu. Mwaka 1884 Mfaransa mmoja, Paul Vieille, alitengeneza baruti nyingine isiyotoa moshi, yenye nguvu kubwa zaidi. Majeshi yakaikimbilia. Faida yake ilionekana hata hapa kwetu. Katika vita vya Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871 zinazotumia baruti nyeusi. Kila askari alipopiga, wingu la moshi lilipanda juu yake na kumwonyesha adui mahali alipojificha.

Labda utauliza, mbona gobore lilidumu sana kwetu? Sababu mojawapo iko kwenye karatasi. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, wakakubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika. Walichoruhusu kuuzwa ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Mkataba ule ulikuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, na hilo ni jambo jema. Lakini matokeo yake ni kwamba Mwafrika aliachiwa silaha iliyokwisha pitwa na wakati. Miaka 15 baadaye, katika Vita vya Maji Maji, watu wenye mikuki, mishale na magobore walisimama mbele ya bombomu za Wajerumani.

Huko Marekani mambo yalikwenda njia nyingine. Gobore liliwekwa darini likasahaulika, mpaka mwaka 1931 watu wachache walipokutana Portsmouth, katika jimbo la Ohio, wakashindana kwa bunduki za babu zao. Mwaka 1933 wakaunda chama cha taifa. Leo makao ya chama hicho yako katika kijiji kidogo kiitwacho Friendship, jimbo la Indiana, na jina hilo maana yake ni Urafiki. Waingereza waliunda chama chao mwaka 1952, na mwaka 1971 ukaanzishwa umoja wa kimataifa. Chini ya vyama hivi viko vilabu vidogo vya mitaani, na hivyo ndivyo vinavyofanya mashindano ya kila mwezi.

ASUBUHI YA MASHINDANO

Watu hufika mapema. Utaona wazee, akina mama, vijana, hata watoto waliofuatana na wazazi wao. Wengine huvaa nguo za ngozi na kofia za manyoya kama wawindaji wa miaka ya 1700. Hiyo ni mbwembwe yao tu. Kila mshindani huandikishwa mezani, hulipa ada ndogo, na kupewa karatasi za shabaha zenye jina au namba yake.

Karatasi ina duara ndani ya duara. Ukipiga katikati kabisa unapata 10, ukitoka kidogo unapata 9, halafu 8, na kuendelea kushuka. Shabaha huwekwa yadi 25, 50 au 100 kutoka mstari wa kupigia, yaani karibu mita 23, 46 na 91. Mtu akipiga risasi 10, alama zote haziwezi kuzidi 100. Hesabu hiyo mwanakisomo yeyote anaiweza.

Mwenye amri siku hiyo ni mtu mmoja tu, msimamizi wa uwanja. Hata kama wewe ni daktari, ni mkuu wa polisi au ndiye mwenye shamba lile, akipiga filimbi unaacha. Akisema mstari umefungwa, bunduki zote huwekwa kwenye viegemeo, fataki zimeondolewa, na hakuna anayezigusa wakati wenzake wamekwenda mbele kubadilisha karatasi. Huyo msimamizi hachaguliwi kwa kupiga vizuri. Anachaguliwa kwa sababu ana sauti na haoni haya kumfokea rafiki yake.

Katika mashindano ya umoja wa kimataifa mpigaji hupewa dakika 30 kupiga risasi 13, na zile 10 zilizo bora ndizo zinazohesabiwa. Tupige hesabu. Dakika 30 ni sekunde 1,800. Gawa kwa 13, utapata karibu sekunde 138, yaani dakika 2 na sekunde 18 kwa kila risasi. Mwenye bunduki ya kisasa angeona huo ni usingizi. Kwa mwenye gobore muda huo unatosha tu, kwa sababu ya kazi nyingi iliyomo ndani yake.

HATUA KWA HATUA

Tuseme mpigaji ana bunduki yenye mtutu wa milimita 12.7, ambao ni wa kawaida kwao. Kwanza husimamisha bunduki, mdomo juu, uso wake ukiwa pembeni. Haruhusiwi hata mara moja kuinama juu ya mdomo wa mtutu.

Pili, humimina baruti kutoka kwenye pembe na kuitia katika kipimo kidogo cha shaba, kama gramu 4 hivi, halafu hukitumia kipimo kile kumimina mtutuni. Kumbuka hapo: hamimini moja kwa moja kutoka kwenye pembe. Ndani ya mtutu huenda mna kaa dogo la moto lililobaki kutokana na risasi iliyotangulia. Likiwasha gramu 4, mtu ataungua mkono. Likipanda mpaka kwenye pembe yenye nusu kilo, mkono wenyewe hautakuwepo. Tofauti kati ya ajali hizo mbili ni kile kipimo kidogo cha shaba.

Tatu, huweka kiraka cha pamba kilichopakwa mafuta juu ya mdomo wa mtutu, na juu ya kiraka huweka risasi ya duara ya madini ya risasi yenyewe, milimita 12.4. Risasi ni ndogo kuliko mtutu, na kiraka ndicho kinachojaza nafasi iliyobaki. Ndani ya mtutu mna mifereji inayozunguka, nacho kiraka hushika mifereji hiyo na kuizungusha risasi inapotoka. Risasi inayozunguka huenda moja kwa moja, haiyumbi.

Nne, huisukuma kwa mdeki mpaka ikae juu ya baruti. Ni lazima ikae, siyo ikaribie kukaa. Ikiachwa katikati kukawa na nafasi tupu, ile nguvu ya baruti itaikuta risasi kama kizibo, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Kwa hiyo mdeki wa mshindani una alama mbili zilizochongwa. Moja inaonyesha mdeki unapofika mtutu ukiwa mtupu, nyingine unapofika bunduki ikiwa imeshindiliwa sawasawa. Akitazama alama anajua. Hana haja ya kukisia, wala hawezi kushindilia mara mbili kwa kusahau, jambo ambalo nalo hupasua mitutu.

Tano, na hili hufanywa tu akiwa kwenye mstari, mtutu umeelekea shabaha: huvalisha fataki. Kama bunduki ni ya gumegume, hapo ndipo hutia unga kidogo wa baruti kwenye kisahani cha pembeni. Kabla ya hatua hii bunduki haiwezi kulia kwa kifyatulio. Baada ya hatua hii inaweza, na kila mtu analijua hilo.

Wakati mwingine anavuta kifyatulio, fataki inalia, bunduki iko kimya. Mtu wa haraka angegeuka kumwuliza mwenzake, huku mtutu ukigeuka naye. Mshindani hageuki. Huendelea kuelekeza mtutu kwenye shabaha na kuhesabu dakika moja nzima, kwa maana moto huweza kutambaa polepole kwenye baruti yenye unyevu halafu bunduki ikalia ghafla. Dakika ikipita, huinua mkono kumwita msimamizi. Mara nyingi inagunduliwa kwamba alisahau kutia baruti! Ametia risasi peke yake. Hapo huchekwa sana, na risasi huvutwa nje kwa skrubu iliyofungwa kwenye mdeki. Mabingwa nao hupatwa na jambo hili wakipiga porojo wakati wa kushindilia, ndiyo maana vilabu vingi havipendi mtu asemeshwe anaposhindilia.

KOPO LA BARUTI LINA MAANDISHI

Hapa tusimame kidogo, maana jambo hili linatuhusu sisi watu wa kisomo. Kopo la baruti nyeusi la Marekani huandikwa herufi F, moja au zaidi. F zikiwa chache, punje ni kubwa na huwaka polepole. F zikiwa nyingi, punje ni ndogo na huwaka haraka. Mbili ni za bunduki za mtutu mpana, tatu za bastola na bunduki za mtutu mwembamba, na nne ni za kisahani cha gumegume peke yake. Mtu asiyezisoma atatia unga wa haraka mahali pa unga wa polepole.

Kubwa kuliko hilo ni ile baruti isiyotoa moshi. Ukiitia katika gobore kwa kipimo kile kile, nguvu yake huzidi sana uwezo wa mtutu, na bunduki hulipuka usoni pa mwenyewe. Kwa macho tu mtu anaweza kukosea. Kwa hiyo klabu ina sheria ngumu: baruti ikae katika kopo lake la kwanza lenye maandishi, isihamishiwe katika chupa ya soda wala kopo la dawa, na kopo moja tu liwe mezani kwa wakati mmoja. Baruti isiyojulikana asili yake haitumiwi, hata iwe nyingi namna gani.

Sasa linganisha na baadhi ya magobore ya huku vijijini. Mengine mtutu wake ni bomba la maji. Bomba la maji limetengenezwa kubeba maji, halikutengenezwa kubeba nguvu ya baruti. Kule Uingereza sheria ya mwaka 1868 inataka kila mtutu ujaribiwe kwanza: hushindiliwa baruti kupita kiasi cha kawaida, hupigwa katika chumba maalumu pasipo na mtu, na ukivumilia ndipo hugongwa muhuri. Bomba la fundi wa kichochoroni anayelijaribu ni nani? Ni wewe mwenye kuliweka begani. Na mtu akishindilia goroli au kipande cha nondo badala ya risasi laini, chuma kinaweza kukwama na nguvu yote ikarudi nyuma.

Tena hapa Tanzania ipo Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Gobore ni silaha kama silaha nyingine, na kuwa nalo bila kibali ni kosa. Aliyeachiwa na marehemu baba yake gobore lililo darini asilishindilie kujaribu kama linalia. Huenda lina baruti ndani tangu enzi za mzee, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haichakai kwa miaka mingi. Atoe taarifa kituo cha polisi, waje walichukue wenyewe.

MICHEZO YA MCHANA

Wakimaliza karatasi, wenzetu hawa hupenda michezo ya kuchekesha. Mmoja ni wa shoka. Shoka hupigiliwa kwenye gogo, makali yakimtazama mpigaji, na kushoto na kulia huwekwa visahani vya udongo. Ukiipiga risasi ikagonga makali sawasawa inapasuka vipande viwili na kuvunja visahani vyote viwili kwa mara moja. Mwingine ni wa kuzima mshumaa bila kuuangusha. Mwingine ni wa kukata karata iliyosimamishwa kwa ubavu. Zawadi mara nyingi ni nyama, maana desturi ya kushindania nyama ni ya zamani sana kwao.

Nami ninapenda zaidi namna yao ya zamani ya kuhesabu. Kabla ya karatasi za duara, mpigaji aliweka alama ya msalaba kwenye ubao. Alipomaliza, walichukua uzi, wakapima toka katikati ya alama mpaka tundu la kwanza, wakaendelea na uzi ule ule kupima mpaka tundu la pili, na la tatu, hadi mwisho. Mwenye uzi mfupi kuliko wote ndiye mshindi. Mtu asiyejua tarakimu hata moja aliweza kuona mwenyewe kwamba hakudhulumiwa. Vilabu vingine bado hutumia uzi mpaka leo.

Kabla ya kula wote hunawa mikono kwa sabuni. Siyo adabu ya mezani tu. Madini ya risasi ni sumu, huingia mwilini kwa mdomo na kwa moshi, na humdhuru mtoto zaidi kuliko mtu mzima. Mwenye kuyeyusha risasi nyumbani hufanya hivyo nje penye upepo, mbali na watoto, na halileti tone la maji karibu. Risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327, na tone la maji likizama humo hugeuka mvuke ghafla na kurusha madini ya moto usoni.

Jioni, aliyeshinda na aliyeshindwa wana kazi moja inayowangoja, tena haiwezi kulala mpaka kesho. Masizi ya baruti nyeusi yana chumvichumvi inayovuta unyevu wa hewa, na mtutu ulioachwa mchafu usiku mmoja huanza kushika kutu. Basi mpigaji huchemsha maji, hutia sabuni, huosha mtutu mpaka nyumba nzima inanuka yai bovu. Kisha huukausha, huupaka mafuta, na kupitisha kitambaa cheupe cha mwisho. Kitambaa kikitoka na rangi ya chai, anarudisha sufuria ya maji jikoni.